Mnaofanya kazi na mkawashonea watoto wenyewe, wakati mnautoa wapi?

MamaHuda_Fuoni
Assalaam aleikum jamani.

Mwaka jana nilimpelekea fundi vitambaa vitatu mwezi wa Mlisho (Shaabani), hata vunja jungu bado. Nikalipa nusu. Usiku wa kuamkia Idd, saa 4, niko barazani kwake na wenzangu kama kumi, kila mtu kanuna. Nilipoitwa nikakabidhiwa mfuko wangu vile vile nilivyoupeleka. Vitambaa vina mkunjo wa dukani, hata chaki haijavigusa. Binti yangu mkubwa alikwenda Mnazi Mmoja na gauni la harusi ya shangazi yake, limembana kwapani. Hakusema kitu. Hilo ndilo lilonichoma.

Basi mwaka huu nimeapa nashona mwenyewe. Cherahani ninayo, Singer ya mkono aloniachia marehemu bibi, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unaposhika. Kushona najua kiasi. Tatizo ni wakati. Naingia kazini saa 1:30, natoka 9:30, mpaka nipate daladala Darajani nifike Fuoni ni saa 11 kasoro. Wakubwa wanarudi chuoni (madrasa), mdogo hajaacha ziwa, jungu linangoja. Nikipata kukaa ni saa 4 usiku na macho yameshafumba. Wiki iliyopita nilifungua cherahani mara mbili. Ya kwanza nilitafuta makasi robo saa nzima. Ya pili nikatunga uzi, mtoto akalia.

Nataka gauni mbili, wa miaka 7 na wa miaka 4, na kanzu ya mdogo. Imebaki mwezi na siku kuingia Ramadhani. Nyinyi wenzangu mnaweza vipi?

YakheWaDarajani
Dada, maduka yamejaa. Unaingia Mlandege na laki, unatoka na watoto watatu wamevaa. Kujitesa kwa nini?

MamaHuda_Fuoni
Yakhe, laki ningekuwa nayo ningekuja kukuuliza weye?

Fundi_wa_Baraza
Waaleikum salaam. Kwanza niwaombee radhi wenzangu, ingawa hatustahiki. Mwezi wa Rajabu mimi nakunywa kahawa barazani, sina kazi. Kumi la mwisho la Ramadhani mifuko inafika mpaka chini ya meza. Kila mwaka Idd inakuja siku 10 au 11 mapema kuliko mwaka ulopita kwa kalenda ya ofisini, na kila mwaka watu wanashtuka kama hawakuambiwa. Fundi naye hasemi "sipokei" kwa sababu anajua Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, hatoona mtu. Anapokea, anaamini atakesha, hakeshi. Ndio ukweli wake.

Sasa swali lako. Mnasema wakati wa kushona hamna. Kushona gauni la mtoto wa miaka 7, sindano ikiwa inakwenda, hakufiki muda wa saa mbili. Hesabu mwenyewe: mishono miwili ya mabega, miwili ya ubavuni, mikono, rinda, shingo, pindo. Kinachokula usiku wako ni kutoa na kurudisha. Unatoa cherahani kabatini, unatafuta uzi wa rangi ile, bobini imejaa uzi mwekundu, futi kaichukua mtoto kafungia mwanasesere. Ukimaliza kutafuta unapiga mshono mmoja halafu unaanza kukunja.

Mimi siku ya kukata nakata tu. Nguo sita, saba. Kila moja naifunga mfuko wake na uzi wake, zipu yake, vifungo vyake. Siku ya kushona sigusi makasi makubwa. Weye chagua Jumamosi moja, ukate zote tatu, ujaze bobini tatu. Baada ya hapo kila usiku una kazi moja tu inokungoja: leo mabega, kesho ubavu.

Na loweka kitambaa kabla hujakata. Poplini ya pamba hurudi. Ukishona kwanza ukafua baadae, gauni la Idd ndogo halifiki Idd kubwa.

Mwalimu_Wete
Pemba salama. Fundi kasema la cherahani, mie niseme la mkono.

Skuli kwetu tuna mikondo miwili na mie niko wa asubuhi, lakini mchana nao una wenyewe. Nilichofanya ni kuigawa kazi kwa inavyobebeka. Pindo, vifungo, kupiga bandi mikono (mishono ya muda ya kuishikiza) kabla ya kushona, hayo yote hayataki cherahani. Nayatia kwenye kimfuko na sindano mbili na subana, nayatoa mapumziko. Gauni moja la mwanangu pindo lake lote lilishonwa ofisi ya walimu, siku tatu, dakika kumi kumi.

Mama zetu huku walishona kofia za viua hivyo hivyo. Anangoja maji kisimani, kofia mkononi. Amekwenda kumpa pole mgonjwa, kofia mkononi. Kofia moja ilichukua miezi, kitundu kwa kitundu, na sijapata kusikia mmoja wao anasema anangoja siku ya nafasi.

YakheWaDarajani
Mwalimu, sindano usiitoe kwenye daladala tu. Kuna siku nilikalia moja.

Mwalimu_Wete
Pole ndugu. Ulisimama mpaka wapi?

YakheWaDarajani
Mpaka Mwanakwerekwe.

Muuguzi_Zamu
Mimi wodini, nna zamu za usiku. Watu huniambia una raha, mchana wote uko nyumbani. Siku moja nimetoka zamu saa 1 asubuhi, watoto wameondoka skuli, nyumba kimya, nikasema huu ndio wakati. Nikatandika kitambaa cha satini, bei yake sitaji, nikakata mikono. Nikalala. Nilipoamka Adhuhuri kuishika nikakuta yote miwili ya kulia. Kitambaa hakikubaki, na dukani nilikonunua kilikuwa kimekwisha. Gauni lile likawa halina mikono, na kwa baba yao halikupita. Likageuzwa foronya.

Toka siku hiyo, nikitoka zamu naweza kukaa kwenye cherahani lakini makasi sishiki. Mshono ukiharibika nitafumua. Kilichokatwa hakiungiki. Kwa hiyo, MamaHuda, hiyo saa 4 ya usiku uloitaja usiitumie kukatia hata siku moja. Kata asubuhi, umeshakunywa chai.

MamaHuda_Fuoni
Foronya! Pole shoga, nimecheka peke yangu mpaka baba yao kauliza.

Nimekuelewa Fundi. Lakini cherahani yenyewe niiache wazi wapi? Nyumba yetu vyumba viwili na ukumbi, na huyo wa miaka 4 kila kinachozunguka lazima akizungushe.

Bibi_Kikwajuni
Mwanangu, cherahani ya mkono ina kibao chake, haitaki meza. Weka juu ya kabati la nguo wakati wa mchana, ikiwa na kazi yake humo humo, mguu umeubana mshono ulipoishia. Usiitoe nguo. Usiku unaishusha, unaiweka juu ya mkeka, unakaa, unaendelea pale pale. Na kila ukimaliza chomoa sindano, ichome kwenye kitambaa ukivike juu. Mtoto hata akipanda akazungusha hapati kitu.

Na hiyo ya mkono usiidharau ukaitia mota. Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima tulikaa miezi mitatu bila umeme, ile hitilafu ya njia ya umeme wa chini ya bahari. Wenye mota cherahani zao ziligeuka meza za kuwekea jagi. Mie nilishona kwa taa ya chemni, watu wakaniletea mpaka sare za skuli. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Inakwenda polepole, lakini kwa mtu mwenye usingizi polepole ni salama, kidole chako kinabaki.

Baba_wa_Watatu
Naweza kuingia mwanamme? Kwetu mke wangu ndiye anashona na kazini anakwenda. Tulipatana hivi: Jumatatu na Jumatano baada ya Magharibi jikoni niko mimi, na watoto wako kwangu mpaka Isha. Yeye haitwi. Mtoto akiuliza mama yuko wapi, jibu ni "hayupo". Yuko chumba cha pili anasikia kila kitu. Na pasi napiga mimi, maana kila mshono unataka pasi kabla hujaingia mwengine, na yeye hiyo ndiyo alokuwa akiiruka.

Muuguzi_Zamu
Huyo naye anapatikana Mlandege kwa laki?

MamaHuda_Fuoni
Shoga weye! Ngoja nimuonyeshe baba Huda.

MamaHuda_Fuoni
Kaonyeshwa. Kasema kupika hajui ila watoto atawatoa nje baada ya Magharibi siku mbili. Nimekubali kabla hajageuza.

Jumamosi nakata. Fundi, nna yadi 2 za poplini nyeupe yenye vimaua kwa huyu wa miaka 7, upana inchi 45. Nianzie wapi?

Fundi_wa_Baraza
Zinatosha na baki. Usijisumbue na hesabu nyingi. Chukua gauni lake linomkaa vizuri sasa hivi, likunje katikati kwa urefu, bega juu ya bega. Kitambaa nacho ukikunje, ulilaze gauni kwenye ukunjo. Zungusha chaki. Ongeza nusu inchi ya mshono kila upande, na ubavuni ongeza nusu nyengine ya kupumua. Gauni la shifti lisilo na kiuno hapo limekwisha.

Ukitaka rinda, kipande cha juu kiishie kiunoni, na rinda upana wake uwe mara mbili ya kiuno. Likusanye hivi: legeza mshono uwe mrefu kabisa, piga mistari miwili sambamba, usifunge mwisho, kisha vuta nyuzi za chini pole pole mpaka lilingane na kiuno. Mistari miwili, usipige mmoja. Mmoja ukikatika umeanza upya, na utakatika saa 5 usiku.

Pindo la chini acha inchi 3. Mtoto wa umri huo anarefuka kama inchi 2 na kidogo kwa mwaka, kwa hiyo mwakani unateremsha pindo na gauni bado ni lake.

Ovaloki, mashine ya kufunga kingo, huna, najua. Basi mishono ya ubavu piga mara mbili: kwanza uzishike pande mbili za ndani zikitazamana, yaani nje iwe nje, piga karibu na ukingo, punguza nyuzi, geuza ndani nje, upige tena. Ukingo wote unafungiwa ndani. Hakuna kinachochomoza, na mtoto hajikuni.

Kanzu nipe mimi. Sikufanyii biashara, lakini badani, taharizi za ubavuni, kwapa, halafu shingo na nakshi yake ya kiboko, hiyo si kazi ya usiku wa saa 4.

Bibi_Kikwajuni
Kanzu ya mtoto wa mwaka mmoja ina nini, fundi? Hana hata bega. Mie nimeshona za wajukuu tisa.

Fundi_wa_Baraza
Bibi, kwako nimeinama. Kwake yeye bado.

Mwalimu_Wete
Na asije akasema kitambaa kikipungua ataongeza kanga. Mie nilimshonea wa miaka 5 kigauni cha kanga, kanga moja yote imetosha, pindo lake nikaliteremsha chini likawa zuri kweli. Nikasahau kuangalia jina linaangukia wapi. Likakaa matakoni. Na lilikuwa kijembe cha mke mwenza, cha ukali. Nilimpeleka harusini Chake, watu wakawa wanamgeuza mtoto wasome. Bibi harusi mwenyewe alikuwa wa pili.

Muuguzi_Zamu
Ya Rabbi!

Binti_Jangombe
Mie nasoma tu, sina mtoto, lakini hii ya jina la kanga nimeipeleka kwenye kila kundi nililomo.

MamaHuda_Fuoni
Ripoti, leo mwezi 9 Ramadhani.

Jumamosi ile nilikata gauni mbili asubuhi, chai imeshanywewa, kama nilivyoamrishwa. Kanzu nimeipeleka kwa fundi mwengine mwenye kazi chache, mtaa wa tatu, na nimekwenda kuiona imekatwa. (Bibi nisamehe.)

Wakati niliokuja kuupata si ule niloutafuta. Saa 4 usiku nimeiacha, baada ya tarawehe mimi si mtu. Nashona baada ya daku. Saa 10 na nusu alfajiri wameshakula, mdogo amelala usingizi mzito, mpaka adhana ya Alfajiri nna kama dakika arubaini. Mlango nimeusukuma, taa ndogo, mkeka. Cherahani ya bibi inafanya tiki tiki tiki, haimuamshi mtu. Usiku wa kwanza mabega ya yote mawili. Wa pili ubavu mmoja, nikasinzia. Wa tatu sikufanya kitu, nilikaa tu kwenye mkeka nikanywa maji. Wa nne rinda. Nilivuta ule uzi wa chini nikaona kitambaa kinajikusanya chenyewe kama maji ya bamvua yanavyorudi kwenye mikoko, nikasahau kazini naingia saa ngapi.

Mara mbili nimefumua. Lakini sijatafuta makasi hata siku moja. Yamefungwa kwa uzi kwenye mkono wa cherahani.

Fundi_wa_Baraza
Hapo kwenye makasi umeshakuwa fundi. Sasa usianze kupokea za majirani.

MamaHuda_Fuoni
Wameshaanza kuuliza. Nimesema cherahani mbovu.

Bibi_Kikwajuni
Na cherahani ya marehemu ukaisingizia! Itie mafuta basi ikusamehe. Matone mawili kila penye tundu, uzungushe bila uzi, upangushe, isije ikachafua gauni jeupe.

Baba_wa_Watatu
Baba Huda anaendelea kuwatoa nje?

MamaHuda_Fuoni
Siku moja kati ya mbili. Hiyo nyengine kuna mpira.

MamaHuda_Fuoni
Idd Mubarak wote, tumetoka sikukuu ya pili. Niwaambie ilivyokuwa.

Gauni la wa miaka 4 lilikwisha siku mbili kabla. La mkubwa vifungo vya mgongoni nilivishona asubuhi ya Idd yenyewe, baba yao na watoto wa jirani wameshakwenda kusali. Kanzu ilikuja kwa wakati, mikono mirefu kidogo, tumeikunja.

Alasiri tumeteremka Mnazi Mmoja. Mkubwa anatembea mbele yangu, ndipo nikaona: mkono mmoja nimeugeuza nyuma mbele, unavuta kila akinyanyua mkono kununua kitu. Kila mtoto aliyepita nikawa namtazama mikono. Wifi yangu, ambaye ndoo ya maji ikijaa nusu kidole anaona, hakuuona. Yeye mwenyewe Huda kazunguka mbele ya shoga zake, kawaambia, "Hili hakuna dukani." Halafu akanyanyua mkono, ukavuta, akaushusha.

Wakati tunarudi kamwagia urojo. Kifuani. Gauni jeupe. Nimefua usiku ule ule na sabuni ya mche, doa limekuwa jekundu kama la damu! Wajuzi wa urojo mniambie, linatoka?

Muuguzi_Zamu
Damu ningekusaidia. Urojo sijui.

Bibi_Kikwajuni
Ungeuliza kabla ya sabuni. Urojo una manjano, na manjano yakikutana na sabuni hugeuka mekundu. Kamulia ndimu pale penye doa, utaona linarudi rangi yake. Suuza vizuri. Kisha lianike juani likiwa bichi, doa litazame juu. Manjano hayawezani na jua. Siku mbili tatu litapauka.

MamaHuda_Fuoni
Ndimu imelirudisha kweli, sasa la manjano. Lakini kesho narudi kazini saa 1:30, na masika haya jua lenyewe linatoka robo saa halafu linaingia. Nani atakaa alilinde na mvua?

Bibi_Kikwajuni
Lianike ndani ya dirisha la mashariki, nyuma ya wavu. Na huo mkono ulogeuka, kabla hujalianika, ufumue.

MamaHuda_Fuoni
Huda kakataa usifumuliwe. Kasema ndio ulivyo.